Mahali pa Kumwona Asekenye

Marekani, 18 Januari 2025

Kwa Papa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa hii baridi. Mimi niko mzima, goti limepona, chakula nakula, ingawa hakuna kitu huku inashinda ile ugali yako ya kuungua chini. Wewe je? Kifua? Na malori ya hapo mpakani Malaba, siku hizi mstari umefika wapi?

Papa, niko na neno. Huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni, na tarehe moja mwezi wa tatu ni mechi yetu ya mwisho ya basketi hapa nyumbani kwetu. Hapa wako na desturi. Kabla mechi ianze, sisi wa mwaka wa mwisho tunaitwa mmoja mmoja. Unatembea mpaka katikati ya uwanja na wazazi wako, mmoja upande huu, mwingine upande ule, watu wanapiga makofi. Wenzangu wote wazazi wao wanakuja. Kocha ameniuliza mimi nitatembea na nani. Nikasema nitamjibu.

Najua kuja haiwezekani, hata usianze kufikiria kuuza kitu. Lakini siku hiyo tunacheza na timu kubwa, na TV itaonyesha mpaka huko Afrika. Itakuwa Jumamosi saa mbili usiku ya Kenya. Nataka kitu moja tu. Nikitembea pale peke yangu, nijue uko mahali umekaa unaniona. Nikijua hivyo nitatembea. Nisipojua, nitaambia kocha siku hiyo niko mgonjwa.

Nijibu kupitia kwa Quinter kama kawaida.

Ni mimi mtoto wako,
Asekenye

*

Malaba, 26 Januari 2025

Kwa mtoto wangu Asekenye,

Yoga noi, salamu nyingi! Mimi Papa yako niko, napumua, kifua kinakohoa tu kikiona kazi. Natumaini na wewe uko sawa na hiyo baridi haijakugandisha kama omena ya friji.

Barua yako Quinter aliitoa kwa printa yake, nikaisoma nikiwa nimesimama hapo ndani ya saiba, kati ya kompyuta zake. Akaniuliza, "Mzee Omuse, ni habari mbaya?" Nikamwambia hapana, ni wino yako inawasha macho. Huyo Quinter hachoki kuniambia siku hizi watu wanaonana kwa simu, barua ni ya wazee. Nikamkumbusha ile siku tulijaribu. Nilikuona kwa kioo nikalia mpaka bando ikaisha, hata "habari yako" sikusema. Mimi na wewe ni watu wa barua, basi.

Sasa hiyo maneno ya kuambia kocha uko mgonjwa, toa kwa kichwa. Utatembea. Mimi nitafute kitu hapa Malaba nikose? Mimi mwenye niliuzia dereva wa Kigali miwani ya jua kukinyesha?

Jumatatu nilianza kwa Methuselah. Amefungua baa mpya karibu na stendi, skrini sita, kila moja kama mlango ya kanisa. Nikamwambia, "Boss, tarehe moja mwezi wa tatu, saa mbili, nipe skrini moja. Moja tu."

"Ya nini?"

"Basketi. Ya wasichana. Ya chuo cha Marekani."

Akaniangalia kama mtu ameitisha chai kwa petroli stesheni. "Mzee, saa hiyo kuna mechi ya Uingereza. Hawa watu wote wameweka mkeka wa kubeti. Nikitoa mpira yao hata kwa skrini ya choo, wanachoma baa na mimi ndani."

"Kwani choo yako iko na skrini?"

"Bado. Niko na mpango."

Nikaacha hapo nikaenda Busia. Baa ya kwanza, wanakataa kabla nimalize kuongea. Ya pili, msichana wa kaunta akasema, "Basketi? Iko, mzee, kila siku." Wee! Nikafurahi, nikaagiza soda, nikakaa kama mkubwa. Kumbe ni vijana wanacheza ile mchezo ya kompyuta, watu wa katuni wanaruka. Soda nikamaliza kwa uchungu.

Amagoro nako kuna baa ya watu wa ofisi, tulivu, viti vya sponji. Nikasema hapa ndio hapa. Lakini remoti imeshikwa na mzee mmoja alistaafu serikalini, haachilii, anaangalia taarifa ya habari, ikiisha anatafuta taarifa nyingine. Nikamuuliza, "Mzee, siku moja si utupatie basketi?" Akasema, "Kijana, nchi iko kwa hali mbaya na wewe unataka basketi." Nilifurahia tu kuitwa kijana.

Kurudi nikapita pale kwa Mulama. Unakumbuka? Ukumbi ya video ya Mulama siku hizi ni duka la mabati. Nikasimama tu nje, mwenye duka akafikiri nataka bati ya geji thelathini. Ulikuwa na miaka nane, mama yako Benedetta alikuwa bado yuko. Mimi nikienda kuuza mayai boilo kwa malori nakuacha hapo benchi ya mbele na yai lako. Ile siku betri ya remoti ilikufa na TV ikakwama kwa basketi ya Wamarekani. Watu walipiga kelele, wakadai kiingilio yao, wakatoka. Mulama akaenda kutafuta betri. Kurudi nikapata ukumbi mzima ni wewe peke yako, yai bado mkononi hujalionja. Ukaniambia, "Papa, usiache Mulama apate betri."

Ndio maana hii kitu nitapata. Nitapata!

Papa yako,
Omuse wa malori

*

Marekani, 4 Februari 2025

Kwa Papa,

Yoga, Papa. Niko mzima. Nimecheka hiyo ya soda mpaka mwenzangu wa chumba akaamka akauliza ni nini, nikajaribu kumweleza kwa Kizungu ikaacha kuchekesha.

Mimi nakumbuka kitu ingine ya kwa Mulama. Betri ilipatikana, ukamwambia Mulama akuuzie dakika kumi zaidi ya basketi, ukamlipa na mayai. Watu wa mpira walikuwa mlangoni wanakutukana na wewe unawajibu, "Ngojeni, mkubwa bado anaangalia." Mkubwa nilikuwa mimi, miguu haifiki chini.

Papa, usikasirike na hii naenda kuandika. Nimeongea na mjomba Eriaku. Alimwekea mama yake, Tata, dishi kule Moding, kifurushi kikubwa, ndio aone misa na zile hadithi zake za mapenzi. Ile stesheni ya michezo ya Marekani iko ndani, mjomba ameangalia. Na kwa Tata hakuna mtu wa kukuzuia, kwa sababu Tata hataki mpira kwa nyumba yake ya kuuza pombe ya ajon. Tangu wale wanaume wawili wavunje chungu chake wakibishana penalti, amekataza kabisa.

Najua venye mko. Najua mkwe na mkwe hawaingii nyumba moja. Na najua tangu tuzike mama, wakati Tata alitaka nikalelewe kwake na wewe ukakataa, hamjasemezana hata kwa salamu ya kutumwa. Miaka kumi na tatu, Papa. Lakini umezunguka baa zote na umebaki na hiyo moja.

Mtoto wako,
Asekenye

*

Malaba, 16 Februari 2025

Kwa Asekenye,

Yoga. Niko, nimechelewa kujibu, usifikiri nimekufa. Nilikuwa natafuta baa ingine yoyote duniani.

Nilivuka hata upande wa Uganda, mama. Nikapata moja, mwenyewe mtu mzuri, anaita kila mtu ssebo, yaani bwana, akasema "Ssebo, tutakuwekea." Nikamuuliza kama stesheni hiyo iko. Akasema stesheni hana lakini atakuwekea. Nikaona huyu ni mimi kabisa, ananiuzia miwani kukinyesha. Nikamshukuru nikarudi.

Kwa hivyo nikamtuma Eriaku kwa mama yake. Mimi mwenyewe siwezi, unajua. Mkwe wangu akipita njia hii, mimi naingia kwa mahindi. Siku moja nilijificha nyuma ya punda Amagoro sokoni, punda akaondoka.

Eriaku akaniletea majibu. Kwanza Tata Amuge alimaliza kuosha chungu. Halafu akauliza, "Hiyo si mpira?" Eriaku akasema ni ya mikono, si ya miguu. Akasema, "Ya mikono sijui kama inavunja chungu." Halafu akauliza, "Na huyo ndio ametuma wewe?" Eriaku akasema ndio. Akaongeza ajon maji moto, watu wakavuta na mirija yao. Mwisho akasema: shuka itafungwa katikati ya nyumba, kutoka ukuta mpaka ukuta. Mimi upande wa mlango na wanywaji, yeye upande wa jikoni. TV iwekwe pale shuka inaishia, kila mtu aone kutoka upande wake. Na nikifika nisubiri nje kwa ua mpaka mtu aje kunichukua, kama mkwe mwenye adabu.

Nikamwambia Eriaku arudishe jibu, nimekubali.

Unajua, ile siku ya mazishi alisema, "Mtoto wa kike hakui kwa malori." Na mimi nikasema, "Anakua na mimi." Nilisema vibaya, mbele ya watu, udongo bado mbichi. Mwenyewe alikuwa amezika mtoto na anaomba abaki na kipande. Na mimi pia nilikuwa naomba hiyo hiyo kipande. Siku hizi nikipita kwa malori jioni nikiona vile hao madereva wanaangalia wasichana wadogo, nasema labda alikuwa na haki kidogo. Hiyo usimwambie.

Ambia kocha utatembea. Mahali imepatikana.

Papa yako,
Omuse

*

Marekani, 24 Februari 2025

Kwa Papa,

Haraka tu, tuna mazoezi. Niko mzima, ninyi je?

Nimeambia kocha. Mtangazaji atasoma majina ya wazazi wa kila mtu, hata wale hawako. Nimewaandikia: Omuse na Amuge, wa Malaba na Moding. Wameniuliza mara tatu vile inatamkwa. Jamaa anajaribu, maskini, inatoka kama dawa ya malaria.

Papa, niko na woga kuliko mechi yenyewe. Ukiniona, angalia nikifika katikati.

Asekenye wako

*

Malaba, 2 Machi 2025

Kwa mtoto wangu,

Yoga! Tumeona! Ulitembea kama askari siku ya Madaraka, kifua mbele, mpaka walevi wa Tata walisimama. Jezi imekukaa vizuri. Namba kumi na nne nilikuwa naionyesha watu na kidole. Tata pia yuko mzima. Hata kufungwa mlifungwa vizuri.

Hapa malori yamefunguliwa, nimekimbia, tutaongea.

Papa

*

Marekani, 5 Machi 2025

Papa,

Natumaini uko mzima. Nimesoma barua yako mara tatu. Ni fupi. Wewe barua ya kuomba chumvi ni kurasa mbili.

Nilifanya nini nilipofika katikati? Andika hiyo tu.

Asekenye

*

Marekani, 13 Machi 2025

Papa,

Quinter anasema unapita nje ya saiba na hugeuzi kichwa. Mjomba Eriaku naye anasema nikuulize wewe. Sijakasirika. Kama kuna kitu, niambie. Mimi nilitembea kwa sababu ulisema uko.

Mtoto wako

*

Malaba, 17 Machi 2025

Kwa mtoto wangu Asekenye,

Yoga noi. Niko mzima wa mwili. Naomba barua hii ikupate umekaa chini.

Sikuona ukitembea.

Sasa nakueleza. Saa moja na nusu nilikuwa kwa ua ya Tata, nimevaa koti ile ya harusi, viatu nimepaka mafuta ya kupika kwa sababu kiwi ilikuwa imeisha. Nikasubiri nichukuliwe, kama alivyosema. Mimi kwa maisha yangu sijawahi subiri kitu, lakini siku hiyo nilisema nitakuwa mkwe mwenye adabu hata mara moja. Eriaku ndio alikuwa anikujie. Eriaku alikuwa juu ya paa anageuza dishi, picha ilikuwa inakatakata. Na Tata ndani, upande wake wa shuka, akasikia mzee mmoja wa ajon anakohoa upande wa mlango. Unajua hii kifua yangu. Akajua basi ni mimi, nimeshaingia. Akatulia. Kwa hivyo yeye ananiheshimu ndani na mimi namheshimu nje, na saa inaenda.

Nikasikia makofi kwa TV. Nikajiambia hiyo ni ya wengine. Halafu nikasikia yule mtangazaji, kwa ile Kizungu yake, anasema jina langu. Omuse. Alilivunja vipande lakini nililijua. Asekenye, niliruka ile ua! Koti ikanaswa na miiba, nikang'ang'ana nayo huku nasikia watu ndani wanapiga kelele, mpaka ikaniachilia. Nikaingia mlango, nikakanyaga mtu, shuka ikanishika uso, nikaivuta, ikaanguka yote. Nikajipata bega kwa bega na mama mkwe wangu, mbele ya TV, na kwa TV kuna tangazo la sabuni.

Tata alipiga kelele. Mimi pia nilipiga kelele. Wanywaji walishika chungu.

Nikatoka na mgongo, nikarudi nje. Mechi niliangalia kwa dirisha, kati ya vichwa viwili vya walevi, vikiegemeana nakuona, vikiachana sioni. Kucheza nilikuona, hiyo haikuwa uongo. Lakini kutembea, ile kitu uliomba, sikuona. Asubuhi nikaja kwa Quinter nikakuandikia vile nilidhani mtu anatembea. Nilisema nikuuzie hivyo hivyo. Halafu ukauliza hiyo ya katikati, na mimi sina.

Eriaku alikataa kuniambia. Alisema, "Aliyeona ni mama. Nenda umuulize." Mtu hawezi enda kwa mkwe amemwangushia shuka hivi hivi tu. Nikatafuta mbuzi, jike, mzuri, nikamvuta mpaka Moding jana mchana. Nikasimama tena kwa ua. Na mimi nimesimama, nikaona anatoka mwenyewe, Tata, na fimbo yake. Nikageuka niingie kwa mahindi, kumbe bado ni fupi. Akasema, "Omuse. Simama. Ukisubiri tena utakosa na mazishi yangu."

Hiyo ndio neno ya kwanza amenipa kwa miaka kumi na tatu.

Hakuniingiza ndani. Alikaa kwa kigoda, akanielekeza nikae mbali kidogo, nimpe mgongo, kila mtu anaangalia shamba yake. Mbuzi katikati yetu. Nikamuuliza, "Mama, alifanya nini alipofika katikati?"

Akaniambia yote, polepole. Alisema uliitwa wa mwisho. Wengine wote walikuja wameshikana na watu wao, wewe ukaja peke yako, na ulikuwa unatembea na mikono imeachana na mwili, nafasi huku na nafasi huku, kama mtu ameshikwa pande mbili. Akasema hukuangalia chini hata mara moja. Ukafika katikati. Ukageukia kamera. Na ukapiga magoti, yote mawili, mikono pamoja, ukainamisha kichwa, vile msichana wa kwetu anasalimia wakubwa wake, na hainuki mpaka waitike. Na Wazungu wakadhani umeumia! Daktari wa timu akaja mbio na begi. Kocha akaja mbio. Na wewe hukuinuka. Ulikaa hapo chini unangoja.

Tata akasema, "Ni Benedetta. Ile siku alikuleta hapa kwangu mara ya kwanza, alipiga magoti hivyo hivyo, kichwa hivyo hivyo." Nikasikia anachora chini na fimbo yake. Na mimi nilikuwa naangalia shamba, mahindi imeanza kutoka.

Nikamuuliza, "Na wewe ulifanya nini?"

Akasema, "Niliitikia. Mtoto amesalimia, nisiitike? Nikaitika kwa nguvu, na wale wa ajon wote wakaitika. Na nikasikia upande wako kimya. Nikasema, huyu Omuse hata mtoto akipiga magoti haitiki, roho gani hii? Kumbe ulikuwa kwa ua yangu unangoja kuitwa." Halafu akacheka. Sijawahi sikia Tata yako akicheka, Asekenye. Anacheka kama wewe, anaanza na pua.

Mbuzi amechukua. Na amesema shuka hatafunga tena, macho yangu ishaona kile ingeona, hakuna kitu imebaki.

Kwa hivyo ni yeye aliitika, upande wake. Upande wangu haujaitika mpaka leo, na wewe umekaa wiki mbili na goti chini. Nimekuja hapa kwa Quinter asubuhi kabla hajafagia, nimeandika hii yote ndefu, ndio nifike hapa.

Nimeitika, mama. Nimeitika mimi Papa yako.

Inuka sasa.

Omuse